Wiki si wiki, lima si lima: maneno yanayofanana sura bila undugu

Wadau, neno "wiki" liko kwenye skrini zetu kila siku na wengi tunalisoma kwa Kiswahili bila kujijua. Nimeshasikia kijiweni jamaa akieleza kwa kujiamini kabisa kwamba Wikipedia inaitwa hivyo kwa sababu inabadilishwa kila wiki. Hapana. Tovuti ya kwanza ya aina ile, ambayo msomaji yeyote anaweza kuihariri, aliitengeneza Mmarekani Ward Cunningham, akaizindua mwezi Machi 1995 kwa jina la WikiWikiWeb. Jina alilitoa Hawaii. Kwenye uwanja wa ndege wa Honolulu kulikuwa na mabasi ya kuhamisha abiria yaliyoitwa Wiki Wiki, na kwa Kihawaii "wiki" ni haraka, chapuchapu. Wikipedia yenyewe ilianza Januari 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata 2003. Wiki yetu sisi, ile ya siku saba, tumeichukua kwa Waingereza kwenye neno lao "week", tukaipachika irabu mwishoni kama kawaida yetu. Herufi ni nne zile zile, ila njia zilizopita hazikukutana popote mpaka kompyuta ilipozikutanisha.

Maneno ya namna hii ni mengi kuliko mtu anavyodhani, na leo nataka tuyaangalie kwa mapana kidogo. Si mambo ya kupoteza muda tu. Kwenye mabaraza ya intaneti haipiti wiki (ya siku saba!) bila mtu kumwaga orodha ya maneno, eti huu ndio ushahidi kwamba Kiswahili na Kijapani ni ndugu. Mwingine anakuja na orodha ya Kiarabu, eti Kiswahili chote ni Kiarabu kilichovunjikavunjika, watu wa pwani hawakuwa na lugha yao. Hilo la pili ndilo linaloniudhi, maana linachukua historia ya watu na kuwakabidhi wengine, na silaha yenyewe ni kufanana kwa maneno basi.

Ukikuta neno la lugha hii linafanana na la lugha ile, kwa kawaida sababu ni moja kati ya tatu. Kuna undugu: lugha zote mbili zimezaliwa na mama mmoja na neno limerithiwa. Kuna mkopo: lugha moja imechukua kwa jirani. Na kuna sadfa, yaani bahati tupu. Kosa la wale wenye orodha ni kwamba wanaona sadfa wanaiita undugu, au wanaona mkopo wanasema mkopaji ni mtoto wa mkopeshaji. Ukienda dukani kwa Mangi kukopa sukari hujawa mwanawe.

Chukua neno "lima", maana hili peke yake linatosha kufundishia darasa zima. Kwetu ni kitenzi: lima shamba. Waganda wanasema okulima, Wazulu wanasema lima, Wakikuyu wanasema rĩma. Huu ni undugu, na unaujua si kwa sababu maneno yanafanana tu, bali kwa sababu hata yanapotofautiana yanatofautiana kwa utaratibu. Pale penye "l" yetu Mkikuyu anakuwa na "r", na si kwenye neno hili peke yake: sisi tunalia, yeye ni rĩra, sisi tunakula, yeye ni rĩa. Tofauti inayojirudia hivyo ni ushahidi mzito kuliko kufanana kwenyewe. Wataalamu wa lugha za Kibantu, kuanzia Mjerumani Carl Meinhof mwaka 1899, walijenga kazi yao juu ya tofauti za namna hiyo.

Sasa vuka bahari. Kwa Kimalei na Kiindonesia "lima" ni tano. Kwa Kitagalogi cha Ufilipino ni tano pia. Kule Hawaii "lima" ni mkono, na tano ni "elima", kwa sababu mkono una vidole vitano. Wamaori wa New Zealand wanasema "rima", na majirani zetu wa Madagaska wanasema "dimy". Huu nao ni undugu, lakini ni ukoo mwingine kabisa, ule wa Austronesia, ambao mababu wa Wamalagasi waliuleta kwa mitumbwi kuvuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa vya Indonesia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo kuna koo mbili, kila moja ina "lima" yake halali iliyorithiwa kwa mababu, na kati ya koo hizo hakuna uhusiano.

Halafu kuna Lima mji mkuu wa Peru, uliojengwa na Mhispania Francisco Pizarro mwaka 1535 kando ya mto Rímac. Rímac ni neno la Kikechua lenye maana ya msemaji, na Wahispania wakalitamka kwa namna yao. Kwa Kihispania chenyewe "lima" ni tunda jamii ya ndimu, na hilo limetoka Kiarabu, kwa hiyo ni binamu wa limau letu na ndimu yetu. Na tena kwa Kihispania hicho hicho "lima" ni tupa, ile ya fundi ya kunolea, na hii imetoka Kilatini. Hesabu mwenyewe: kulima, tano, mji, tunda, tupa. Zimetimia lima, kama angesema Mmalei.

KWA NINI YANAGONGANA SANA

Kiswahili kina irabu tano, na silabi zetu nyingi ni konsonanti moja inayofuatwa na irabu. Kijapani kina irabu tano na silabi za mtindo huo huo. Kihawaii kina irabu tano na konsonanti nane tu. Chukua kalamu. Tuseme lugha mbili zina konsonanti 12 zinazofanana. Zidisha kwa irabu 5, unapata silabi 60. Maneno ya silabi mbili yanayowezekana ni 60 mara 60, yaani 3,600. Basi, hakuna zaidi. Kila lugha ina maelfu ya vitu vya kutaja na yale ya kila siku yanapenda kuwa mafupi, kwa hiyo watu wote wanagombania viti vile vile 3,600. Ingekuwa ajabu wasipokaliana mapajani.

Ndiyo maana orodha za hao jamaa zina maneno mafupi tu. Sijawahi kuona mtu ameleta Kijapani kinachofanana na "kinyang'anyiro".

Kijapani ndicho kinachoongoza kwa kutuchezea. Mimi ni sikio. Saba ni samaki, yule wa kopo jamii ya vibua. Kumi ni kikundi au darasa. Sasa ni mianzi midogo ya majani mapana. Moto ni asili au chanzo. Tako (tulieni) ni pweza, na ukienda Osaka watu wanakula vidonge vya unga vyenye tako ndani, barabarani, mchana kweupe. Neno lao la dubu sitaliandika hapa kwa sababu kuna wadogo zetu wanasoma. Ila kwenye kisiwa cha Kyushu kuna mji mkubwa ambao jina lake limeunganishwa kutokana na dubu na hiyo asili niliyoitaja hapo juu. Tafuteni kwenye ramani wenyewe, mkicheka kwa sauti mwenye kafe asiniulize mimi.

Kifini nacho kimo. "Sana" kwa Kifini ni neno. "Kumi" ni mpira, ule wa kutengenezea matairi. "Hiki" ni jasho. "Kana" ni kuku.

Na tukishafika kwa kuku, kwa Kiindonesia "kuku" ni ukucha. Kwa Kijapani ni jedwali la kuzidisha, kwa kuwa maana yake ni tisa-tisa. Kwa Kiajemi "kuku" ni chakula cha mayai yaliyopigwa na kukaangwa pamoja na majani ya mboga, kinene kama chapati ya maji iliyoshiba, na Wairani wanakipika sana mwaka wao mpya. Yaani mayai yapo, kuku jina lipo, ila nyama ya kuku haimo! Hapa mtu mwepesi atasema si unaona, Waajemi walikuja pwani, wametuachia. Polepole. Mganda anasema enkoko, Mkikuyu ngũkũ, Mzulu inkukhu, na Mzulu hakuwahi kukaa na Mwajemi. Kuku wetu ni wa Kibantu. Nakubali kuna kitu kingine kinachochangia kwa ndege huyu: anajitaja mwenyewe. Jogoo kwa Kifini ni "kukko", na hiyo haihitaji safari ya mtu yeyote, inahitaji masikio tu.

NANI NA NANI

Hili ndilo neno ambalo wenye orodha wanalipenda kuliko yote, kwa sababu linakaribiana hata maana. Kwetu "nani" ni swali kuhusu mtu. Kwa Kijapani "nani" ni swali kuhusu kitu, yaani nini. Mtu akiona hivyo anapagawa. Wanasahau kwamba Hawaii "nani" ni mzuri, mrembo, na kwa Kihindi "nani" ni bibi mzaa mama. Sasa kama undugu unatokana na kufanana, tuanze kuoa na kuolewa huko kote?

Dawa yake ni ndogo. Usiangalie neno moja, angalia familia yake nzima. Sisi tunauliza nani, lini, wapi. Mjapani kwa mtu anauliza dare, kwa wakati itsu, kwa mahali doko. Kimya. Hakuna hata moja lililogonga. Halafu geuka kwa Waganda, mtu ni "ani". Washona wa Zimbabwe, "ani". Ndugu zako ndio hao.

Njia nyingine ni kuhesabu, na hapa ndipo lile suala la Kiarabu linapojibiwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Luganda: emu, bbiri, ssatu, nnya, ttaano. Kiarabu: wahid, ithnayn, thalatha, arbaa, khamsa. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukuambia tumekaa upande gani. Nane na kumi nazo ni za Kibantu. Zinazobaki, sita, saba na tisa, kweli ni za Kiarabu, na hakuna haja ya kuficha. Ila hata hizo hazikukuta pango tupu. Tisa ina mwenzake "kenda" ambayo mpaka leo ipo kwenye kamusi, na saba ya zamani imejificha kwenye harusi, kwenye "fungate", siku saba za maharusi kukaa ndani. Kiarabu kilileta maneno ya biashara, dini, sheria na elimu kwa wingi mno. Hakikuleta ngeli. Hakikuleta "ki-" na "vi-", "m-" na "wa-". Mkopo ni mkopo, hata ukiwa mkubwa.

Na mikopo inafurahisha pale unapoikuta mbali. Mwindonesia akitaka kukujulia hali anasema "apa kabar", yaani habari gani, na hiyo kabar na habari yetu zote mbili zimetoka kwenye neno moja la Kiarabu lililopanda majahazi kwenda mashariki na kuja kusini. Kamusi kwake ni "kamus". Kwa Kiarabu cha zamani neno lenyewe, qamus, lilikuwa bahari kuu, na likawa jina la kitabu cha maneno kwa kuwa maneno hayana mwisho. Safari imetoka Kiarabu ikaja kwetu, tukawapa Waingereza, wakaitawanya dunia nzima ikiwa imeshageuka kuwa kuangalia simba kwa darubini. Na ule mchezo wa vipande vya mbao vinavyopangwa kama mnara mpaka vianguke, Jenga, si sadfa hata kidogo. Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, aliutoa London mwaka 1983 akiupa jina kwa kitenzi chetu hicho hicho. Kwa hiyo ukikuta kufanana usiseme moja kwa moja kwamba ni bahati. Kuna cheti cha kuzaliwa, kitafute.

Hata bahasha ya kaki, ile ya kuombea kazi ambayo wengi wetu tunayo mkononi, ina safari yake. Kaki ni ya Kiingereza, ambacho kiliikuta India, na asili yake ni neno la Kiajemi la vumbi. Kwa Kijapani "kaki" ni tunda fulani tamu la rangi ya chungwa, kwa Kiindonesia ni mguu. Hayo mawili hayahusiani na vumbi la mtu yeyote.

MAJINA YA MTAANI

Gari tumeipata kwa Wahindi. Lakini ukiwa Lagos ukasema unataka gari utaletewa unga wa muhogo uliokaangwa, utaweka maji na sukari utakunywa. Kwa Kihausa "gari" ni mji, na tena ni unga, Wahausa wanatofautisha kwa namna ya kupandisha na kushusha sauti ambayo maandishi ya kawaida hayaionyeshi. Lingala vilevile: "moto" ni mtu, "moto" ni moto unaowaka, "moto" ni kichwa, na anayesoma kwenye karatasi kazi ni kwake, ila masikioni ni vitu vitatu. Wajapani nao wana "gari", vipande vyembamba vya tangawizi ya siki vinavyowekwa pembeni ya sushi. Nchi iliyotujazia magari barabarani yenyewe gari inakula.

Tuje kwa Bongo. Yetu inatoka kwenye ubongo, kwamba Dar es Salaam bila akili huli, baadaye jina likaenea likawa la nchi nzima na la muziki. Huko Cuba bongo ni ngoma mbili ndogo zilizounganishwa, zinazopigwa kwa vidole. Kuna bongo mnyama, swala mkubwa wa msituni mwenye michirizi myeupe, anayepatikana mpaka misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Na kulikuwa na Omar Bongo, aliyetawala Gabon kuanzia 1967 mpaka alipofariki 2009, akafuata mwanawe Ali Bongo mpaka wanajeshi walipomwondoa Agosti 2023. Siku ile kijana wa Sinza akisoma kichwa cha habari kwa haraka angeweza kupata kiwewe. Kinachomwokoa ni ngeli. Imeandikwa Bongo "apinduliwa", haikuandikwa "yapinduliwa". Herufi moja mwanzoni mwa kitenzi inamwambia kwamba ni mtu, si nchi yake. Hili huwa nalipenda sana kwenye Kiswahili. Maneno yakifanana, sarufi inasimama mlangoni kama askari. Ni kama "paa amepaa" na "paa limeezuliwa". Sarufi ikishindwa, kazi inabaki kwa kamusi. Mle ndani "meza" ya kulia chakula, iliyotoka kwa Wareno, na "meza" ya kumeza dawa, iliyo ya Kibantu, zinawekwa mbali mbali na kupewa namba, kwa kuwa ni wageni wawili waliovaa shati moja.

Bata nayo. Nimewahi kusikia utani kwamba viatu vya Bata vinaitwa hivyo kwa sababu bata haogopi matope. Ni jina la ukoo. Tomáš Baťa na ndugu zake walianzisha kampuni yao mwaka 1894 katika mji wa Zlín, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech, na wao huandika alama kidogo juu ya ile "t". Bata wetu wa majini ametoka Kiarabu. Kwa Kihispania "bata" ni gauni la kuvaa nyumbani, Ufilipino ni mtoto. Na kwa Wacheki na Wapolandi neno "pole" ni uwanda au shamba. Wapolandi tuliwahi kuwa nao hapa, kama 5,000 hivi, wakimbizi wa Vita vya Pili waliowekwa Tengeru karibu na Arusha kuanzia 1942, na makaburi yao yapo mpaka leo. Watu waliopoteza kila kitu, wakifika mahali ambapo kila jirani anawaambia "shamba, shamba". Sijui walielewa nini mwanzoni, ila nadhani uso wa msemaji ulitafsiri.

Mamamtu na babamtu wana kanuni yao tofauti. Baba ni baba kwa Kituruki, kwa Kiyoruba na kwa Kichina. Wanaisimu hawashangai, na Mrusi Roman Jakobson alilieleza vizuri mwishoni mwa miaka ya 1950: mtoto mchanga sauti zake za kwanza ni zile za midomo, ma na ba na pa, na wazazi kila mahali wanadai kwamba wanaitwa wao. Ila nani anaitwa nini ni mapatano ya wakubwa. Kwa Kigeorgia, nchi ya Georgia kule Kaukasi, "mama" ni baba! Mama mzazi ni "deda". Kwa Warusi na jirani zao "baba" ni mwanamke, mara nyingi bibi kizee, na kwa Kihungaria ni mwanasesere. Kaka naye, Waswidi wanamla kama keki. Na Kaká yule mchezaji wa Brazil aliyechukua Mpira wa Dhahabu 2007 si kaka wa mtu kwa maana yetu. Jina lake ni Ricardo, mdogo wake alishindwa kulitamka akatoa "Kaká", likaganda.

MBWA WA QUEENSLAND

Wote niliowataja wanafanana sura wakitofautiana maana. Kuna kitu kigumu zaidi, neno linalofanana sura NA maana, na bado hakuna undugu wala mkopo. Miaka ya 1960 mtaalamu R. M. W. Dixon alikuwa kaskazini mwa Queensland, Australia, akiandika lugha ya wenyeji iitwayo Mbabaram iliyokuwa imebakiwa na wasemaji wachache mno. Akauliza mbwa anaitwaje. Akajibiwa "dog". Yaani kama Kiingereza, karibu kabisa hata matamshi. Mtu yeyote angesema mzee amechanganya lugha. Dixon akaja kuonyesha kwamba ni neno lao la asili. Lugha ya jirani, Yidiny, mbwa ni "gudaga", na Dyirbal ni "guda". Mbabaram ilikuwa imezoea kuangusha silabi ya mwanzo ya maneno na irabu za mwisho, na irabu ya kati ikabadilika kwa utaratibu unaoonekana kwenye maneno mengine pia. Gudaga ikanyolewa mbele na nyuma, ikabaki dog. Kiajemi kina "bad" yenye maana ya baya, kama Kiingereza vilevile, na zenyewe zimefika hapo kwa njia mbili tofauti. Ukishayajua haya mawili, yule wa "nani" na "nani" hakutishi tena.

Kwenye biashara mambo haya yana hela ndani. Mitsubishi Pajero tunazijua sote. Jina limetokana na paka mwitu wa Amerika Kusini, lakini kwa Kihispania cha mtaani ni tusi la kumwambia mwanamume, kwa hiyo Hispania na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini gari lile liliuzwa kwa jina la Montero. Hiyo ni kweli. Ile nyingine inayozunguka kwenye emaili, kwamba Chevrolet Nova ilidoda kwa sababu "no va" kwa Kihispania ni haiendi, ni uongo mtamu. Nova iliuzwa vizuri Mexico na Venezuela, na Wamexico walikuwa na petroli ya serikali yenye jina hilo hilo la Nova. Msemaji wa Kihispania halikati lile neno katikati, kama wewe usivyosikia "meza" ukiambiwa "amezaa".

Tatizo ni kwamba kompyuta inasikia. Programu ya kutafsiri inapopewa maandishi bila kuambiwa ni lugha gani, inakisia kwa kuangalia mfuatano wa herufi, na inahitaji maneno ya kutosha ili ikisie vizuri. Google Translate ilianza 2006 na Kiswahili kikaingizwa 2009. Ukiipa sentensi ndefu yenye "wa-" na "-na-" na "kwa" itakujua. Ukiipa "kuku" peke yake unaipa mtihani ambao hata wewe ungefeli, maana jibu sahihi ni ukucha, jedwali, mayai na ndege kwa pamoja. Kwa hiyo chagua lugha mwenyewe, usimwachie mashine. Na kwenye kutafuta, ongeza neno la pili la Kiswahili: "kuku wa kienyeji", hapo umewafukuza Wajapani wote.

Machujio ya matusi ndiyo mabaya zaidi. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kujiandikisha, kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne ambazo kwa Kiingereza ni tusi. Sasa fikiria mtu anatengeneza chujio la Kiswahili kwa akili ile ile, anaipiga marufuku herufi nne za dubu wa Kijapani. Atawaudhi Wajapani wa Kyushu, hilo ni dogo. Ila kwa Kiswahili atakuwa amefuta pia kumaanisha, kumamatia, kumaizi, na mwandishi wa makala ndefu kama hii hataweza kabisa kumaliza.